Gari imegoma kuwaka: mwongozo kamili wa kujua tatizo liko wapi kabla hujanunua spea yoyote

Gari ikigoma kuwaka wengi wetu tunafanya mambo mawili, kwanza tunapiga stata tena na tena mpaka betri inaisha kabisa, halafu tunampigia fundi simu tunamwambia "gari haiwaki" basi. Fundi akija na taarifa hiyo tu anaanza kubahatisha, leo anakwambia plagi, kesho pampu, keshokutwa koili, na kila jaribio lake linalipwa na mfuko wako, mwisho unakuta tatizo lilikuwa nati ya terminali, kile kibano cha waya kwenye betri, imelegea. Ninachotaka ukishike hapa ni kitu kimoja: gari inakwambia yenyewe tatizo liko upande gani ndani ya sekunde chache za kwanza, kwa sauti yake na kwa taa zake, na ukijua kusikiliza unakuwa umeshaondoa nusu ya uwezekano kabla hata hujafungua boneti.

Nitaongelea zaidi hizi Toyota tunazoagiza Japani, IST, Vitz, Passo, Raum, Spacio, Premio, Noah na ndugu zao, za petroli na gia otomatiki, maana ndo zimejaa mtaani. Dizeli na haibridi nitazigusa mwishoni kwa sababu zina mambo yake.

Kwanza uko wapi

Kama gari imezimikia barabarani usianze na injini. Iache isogee pembeni ikiwa bado ina mwendo, washa hazadi, vuta hendibreki, weka pembetatu nyuma kabisa, hatua hamsini au zaidi, na kama uko kwenye kona au mteremko ongeza umbali, ile ya kuiweka mita tatu nyuma ya bampa haimsaidii mtu anayekuja na spidi 80. Kama huna pembetatu watu wanatumia matawi ya miti, sawa, inasaidia, ila ukimaliza yaondoe barabarani, usiku yale matawi yanageuka hatari kwa bodaboda. Abiria watoke wasimame mbali na lami, sio nyuma ya gari.

Isipokuwa ukiwa ndani ya hifadhi. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya Mikumi, na pale gari ikizima usishuke kienyeji, hasa jioni na usiku, kuna simba na tembo wanakatiza ile barabara. Funga vioo, washa hazadi, piga simu, au subiri gari nyingine isimame.

Vitu vya bure vya kuangalia kabla ya chochote

Usivione vya kijinga, hivi ndo vinavyoita fundi bila sababu kila siku.

Gia iko P kweli? Otomatiki haipigi stata mpaka iwe P au N. Na saa nyingine swichi ya gia imechoka, kwenye P haisomi lakini kwenye N inasoma, kwahiyo kanyaga breki, weka N ujaribu. Ikiwaka kwenye N tu umeshajua tatizo ni swichi ya gia au inahitaji kurekebishwa, huna haja ya kununua stata.

Ufunguo haugeuki kabisa? Usiulazimishe utavunjikia humo ndani. Usukani umejifunga, uchezeshe kushoto kulia kwa nguvu kidogo huku unageuza ufunguo taratibu, utaachia.

Gari ya kitufe: lazima ukanyage breki vizuri, na kile kitufe kitaonesha taa ya kijani kama gari imeutambua ufunguo na iko tayari. Ikiwa kijani inawakawaka basi ni usukani umejifunga, uchezeshe. Kama hamna kitu, huenda betri ya rimoti imeisha, hapo chukua rimoti, upande wenye nembo ya Toyota uuguse kwenye kitufe huku umekanyaga breki, ikilia kidogo bonyeza kitufe, itawaka hata rimoti ikiwa haina chaji kabisa. Ile betri ni kidonge kidogo, kinauzwa kwenye maduka ya saa na simu, namba yake imeandikwa juu yake.

Na kama taa za breki za nyuma haziwaki, gari ya kitufe inaweza kugoma kwa sababu haijui kama umekanyaga breki. Angalia fyuzi iliyoandikwa STOP. Ukiwa umekwama kabisa, Toyota nyingi zina njia ya dharura: gia P, hendibreki juu, bonyeza kitufe mara moja bila kukanyaga breki ili iingie hatua ya kwanza ile ya redio, halafu kanyaga breki ushikilie kitufe kama sekunde 15.

Mwisho wa vitu vya bure, mafuta. Geji za gari zetu zinadanganya, hasa ikiwa gari imepaki kwenye mwinuko. Kama taa ya mafuta ilikuwa inawaka tangu juzi, weka lita tano kwanza ndo uendelee na mengine.

Sasa sikiliza

Washa taa kubwa za mbele, elekeza gari ukutani au mwambie mtu asimame mbele aziangalie, halafu piga stata mara moja tu. Zingatia vitu viwili, sauti gani imetoka na taa zimefanyaje.

Kimya kabisa na taa hazikuwaka kabisa au zilikuwa na mwanga hafifu kama mshumaa: umeme haufiki. Betri imekufa, au terminali imeachia, au fyuzi kuu imekatika.

Tak-tak-tak-tak ya haraka haraka, taa zinafifia na kurudi: betri ina umeme kidogo, unatosha kuvuta solenoidi ya stata, ile swichi yake ya sumaku, ila hautoshi kuzungusha injini. Au betri iko nzima lakini terminali ni chafu.

"Tak" moja nzito halafu kimya, taa zimebaki na mwanga wake au zimefifia kidogo tu: umeme upo, stata ndo imekwama au imechoka. Ila kama kwenye ile "tak" moja taa zimezima kabisa, rudi kwenye betri na terminali.

Kimya kabisa lakini taa zinawaka vizuri hazitikisiki: stata haipati amri. Swichi ya gia, fyuzi, relei (ile swichi ndogo ya umeme kwenye boksi la fyuzi), swichi ya ufunguo, au ule waya mdogo unaoingia kwenye stata umechomoka.

Stata inapiga vizuri, unasikia kabisa injini inazunguka kama kawaida, lakini haishiki: achana na betri na stata, hizo ziko nzima. Tatizo ni mafuta, moto wa plagi, au imobilaiza, ule mfumo wa kuzuia wizi unaosoma chipu ya ufunguo.

Injini inazunguka haraka na kirahisi kuliko siku zote, sauti laini bila ule mdundo: acha kupiga stata hapohapo. Inawezekana mkanda wa taimingi, ule unaopanganisha valvu na pistoni, umekatika au cheni inayofanya kazi hiyo imeruka, na kwenye baadhi ya injini kila ukizungusha valvu zinagonga pistoni na unaongeza hasara. Hiyo ni ya kuvuta.

Kanuni moja ya hapa, usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, ukimaliza subiri nusu dakika mpaka dakika nzima ndo urudie. Stata inakula umeme mwingi sana na inachemka haraka, watu wanaiunguza wakati tatizo halikuwa la stata.

Betri na terminali, hapa ndo kesi nyingi zinaishia

Fungua boneti, shika terminali zote mbili kwa mkono, jaribu kuzizungusha. Zisitikisike hata kidogo. Kama inazunguka, spana namba 10 ikaze na ujaribu kuwasha, hapo hapo kuna gari nyingi zinapona. Ukiona unga mweupe au wa kijani umejaa pale, huo unazuia umeme, mwagia maji ya moto yenye baking soda, sugua na brashi au msasa mpaka chuma king'ae ndani ya terminali na kwenye nguzo ya betri yenyewe, kausha, kaza, kisha paka grisi kidogo kwa juu.

Kufungua unaanza na hasi, kufunga hasi inakuja ya mwisho. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi, ukianza na chanya wakati hasi bado ipo na spana ikagusa bodi, utaona cheche kubwa na spana inaweza kupata moto ikakuunguza mkono. Vua pete na saa ya chuma pia.

Nunua mita. Ile mita ndogo ya kidijitali ya mafundi umeme bei yake ni ndogo kuliko safari moja ya fundi kuja kwako. Iweke kwenye volti za DC, gari ikiwa imekaa masaa kadhaa bila kuwashwa upime kwenye nguzo za betri. Volti 12.6 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 hiyo haina kitu. Halafu mtu apige stata huku wewe unaangalia mita, ikishuka chini ya 9.6 hivi wakati ilikuwa imejaa, betri yenyewe imechoka ndani, hata ukiichaji itakusumbua tena.

Joto ndo linaua betri zetu, sio baridi. Dar, Tanga, Mombasa, betri inapikwa kila siku chini ya boneti kwenye foleni. Baridi inachofanya ni kuifichua, ndo maana mtu anatoka Dar gari haina shida, analala Njombe au Makete, asubuhi gari inagoma. Betri ilikuwa imeshachoka, ile baridi imeongeza ugumu wa oili na kupunguza nguvu iliyobaki.

Kubusti bila kuunguza kontroli boksi

Kubusti ni kuwasha gari yako kwa umeme wa betri ya gari nyingine. Gari ya kukusaidia iwe ya volti 12. Narudia, iwe ya volti 12. Malori na mabasi makubwa mengi yana betri mbili zilizoungwa kwa volti 24, dereva ana roho nzuri anakwambia lete waya tukubusti, ukiunga volti 24 kwenye IST unaweza kuchoma kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na kila kitu cha umeme kwa mara moja. Msaada wa lori ukubali kwa kuvutwa tu.

Magari yasigusane, yote yazimwe, AC na redio off. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, mwisho wake mwingine kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, mwisho wake mwingine uubane kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari iliyogoma, mbali na betri. Usiuweke kwenye hasi ya betri iliyokufa, muungo wa mwisho huwa unatoa cheche na betri inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka. Kwa sababu hiyo hiyo asiwepo mtu anavuta sigara pale, na usimulike kwa kiberiti kuangalia maji ya betri, nimeona watu wanafanya na inatisha.

Washa gari ya msaada, iache ingurume dakika tatu mpaka tano, halafu piga stata ya gari yako. Ikiwa haina nguvu subiri tena dakika tano, na angalia waya zenyewe, zile nyembamba za bei rahisi zinapata moto na hazipitishi umeme wa kutosha. Ikiwaka toa waya kwa kinyume cha ulivyofunga, anza na mweusi wa kwenye injini.

Ikishawaka sasa usizime, pima volti kwenye betri injini ikiwa inanguruma. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5 hivi, oltaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, inachaji. Ikibaki 12 na pointi na inazidi kushuka, oltaneta haichaji au mkanda wake umelegea au umekatika, na hapo hata ukinunua betri mpya kesho utakwama tena. Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ikiwaka unapoendesha maana yake ni hiyo hiyo.

Naomba hili lieleweke vizuri: mtu yeyote asichomoe terminali ya betri gari ikiwa inanguruma eti kupima kama oltaneta inachaji. Mafundi wa zamani walikuwa wanafanya kwenye magari yasiyo na kompyuta, ila kwenye hizi zetu ukichomoa betri volti inaruka juu ghafla na inaweza kuua oltaneta, kontroli boksi, redio, chochote. Fundi akinyoosha mkono kufanya hivyo mzuie, mpe mita.

Ukienda kununua betri usiseme tu "nipe ya IST", nenda na ile ya zamani au picha yake. Betri za saizi ileile, mfano NS40 au NS60, zinafanana lakini upande wa chanya unaweza kuwa kushoto au kulia, na nguzo zinaweza kuwa nyembamba au nene, ukikosea waya haufiki au terminali inapwaya. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa, betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa sio mpya hata kama ina nailoni.

Na kama betri ni nzima, oltaneta nzima, lakini kila ukilaza gari siku mbili unakuta betri imeisha, kuna kitu kinakula umeme usiku. Mara nyingi ni alamu au redio au kifuatiliaji kilichofungwa na fundi kwa kuunga waya mahali sipo. Fundi umeme anaweza kupima, gari ikiwa imelala kabisa isile zaidi ya miliampea 50 hivi, halafu anachomoa fyuzi moja moja mpaka namba inashuka, ile fyuzi iliyoshusha ndo njia yenye mwizi.

Stata

Umepata "tak" moja, betri umepima iko 12.6, terminali safi. Kabla hujasema stata angalia na waya mnene wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini, ukilegea au ukioza dalili zake zinafanana kabisa na stata mbovu.

Kwa dharura mtu mmoja ashike ufunguo kwenye stata, mwingine agonge bodi ya stata taratibu kwa mpini wa nyundo au spana ya magurudumu, gia ikiwa P na hendibreki juu, na mkono mbali na mikanda. Ikiwaka usizime mpaka ufike kwa fundi. Kugonga sio matengenezo, ni kukufikisha tu.

Kwa fundi usikimbilie stata nzima. Toyota nyingi zinatumia stata ambazo ndani kuna vipande viwili vya shaba vinavyogusana kupitisha umeme, vikilika ndo unapata hiyo "tak" siku moja inawaka siku nyingine haiwaki. Vinauzwa peke yake, na makaboni ya stata, vile vipande vyeusi vinavyosuguana na sehemu inayozunguka, vilevile. Mwambie fundi umeme afungue mbele yako akuoneshe, kama shaba imelika upande mmoja au makaboni yamekuwa mafupi, badilisheni hivyo tu. Spea hizi zinapatikana kirahisi pale Gerezani Kariakoo, Dar.

Stata inapiga lakini injini haishiki

Hapa ndo watu wanaliwa hela sana kwa sababu vitu ni vingi, kwahiyo nenda kwa mpangilio.

Weka swichi ON bila kupiga stata, angalia taa ya injini, ile ya njano yenye picha ya injini. Lazima iwake. Kama haiwaki kabisa, kontroli boksi haipati umeme, fungua boksi la fyuzi uangalie iliyoandikwa EFI, na AM2, na IGN. Fyuzi ikikatika weka ya ampea zilezile, sio kubwa zaidi na sio waya. Ikikatika tena mara moja kuna mahali waya unagusana, usiendelee kulisha fyuzi. Relei nayo unaweza kuipima kwa kubadilishana na nyingine yenye namba ileile iliyomo kwenye boksi hilohilo.

Angalia taa ya imobilaiza, ya mchoro wa ufunguo au gari na kufuli. Ukiweka ufunguo na ON inatakiwa izime. Ikiendelea kuwakawaka gari haijautambua ufunguo, jaribu ufunguo wa pili, ondoa funguo nyingine zenye chipu kwenye kishikizo, jaribu tena. Kama una alamu ya kufungiwa hapa nchini yenye kukata umeme, iangalie hiyo kwanza, zinasumbua sana.

Kisha pampu ya mafuta. Mtu apige stata, wewe weka sikio siti ya nyuma au kwenye mdomo wa tenki, utasikia mngurumo mdogo. Ni muhimu apige stata, maana kwenye Toyota nyingi pampu haifanyi kazi kwa kuweka ON tu, inasubiri stata, na kuna watu wamebadilishiwa pampu nzima kabisa kwa sababu fundi aliweka ON akasema "pampu kimya". Kama hata kwenye stata ni kimya, angalia fyuzi na relei yake kwanza, halafu kama kuna umeme unafika kwenye soketi ya pampu. Umeme unafika na pampu haisogei, sawa, pampu imekufa.

Fungua plagi moja, itakupa jibu haraka. Ikitoka kavu kabisa baada ya kupiga stata, mafuta hayafiki. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika ila moto hamna au injini imezidiwa na mafuta. Kufungua hakikisha injini imepoa, na vumbi la kwenye shimo lipulize kwanza lisidondokee ndani.

Kuzidiwa mafuta kunatokea sana ukiwasha gari ikiwa baridi, ukaisogeza tu kidogo ukazima, halafu ukirudi inakataa, unasikia harufu ya petroli. Dawa yake kanyaga mafuta mpaka chini kabisa ushikilie hapo, piga stata sekunde 5 mpaka 10. Kompyuta ikiona umekanyaga mpaka mwisho inasitisha kumwaga petroli na injini inavuta hewa tu ikauke. Ikianza kushika achia mguu taratibu.

Kama gari inazima ikiwa ya moto, ukisubiri nusu saa ikipoa inawaka kama hamna kilichotokea, mshuku mkubwa ni sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, japo pampu na koili nazo zinaweza. Dalili ya kukusaidia, wakati unapiga stata angalia mshale wa RPM (mizunguko ya injini), ukilala sifuri bila kutikisika kabisa sensa inaweza kuwa haisomi. Hapo mwambie fundi aweke mashine ya kupima asome kodi, yaani namba za hitilafu, kabla hajafungua kitu, na kodi uiandike wewe kwenye simu yako.

Maji ya mvua

Kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, barabara kama ya Jangwani, Dar, inajaa maji na watu wanajaribu kupita. Gari ikizima ndani ya maji USIPIGE STATA hata mara moja. Injini inavuta hewa, na kama mdomo wa hewa ulikuwa chini ya maji imevuta maji, na maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda inakutana na ukuta, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda au inatoboa bloku. Gari iliyozima kwenye maji bila kuwashwa mara nyingi inapona, ile iliyopigwa stata ndo inaishia kuwekwa injini nyingine. Isukumeni nje, chomoa terminali ya hasi, fungua ea klina uone kama kichujio kimelowa. Kikiwa kimelowa, fundi atoe plagi zote, azungushe injini maji yatoke kwenye mashimo, aangalie oili na oili ya gia boksi, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imwagwe yote kabla ya kuwasha.

Kusukuma na kuvuta

Gari ya manyuo, yaani yenye klachi na gia za mkono, unaweza kuisukuma: swichi ON, gia ya pili, klachi chini, ikipata mwendo achia klachi ghafla kisha ikanyage tena ikishika. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata mkiwa watu ishirini, gia boksi inahitaji presha ya oili ambayo inatoka kwa injini inayozunguka, mtachoka bure. Kuvuta otomatiki kwa kamba ni hapo karibu tu, gia N, mwendo mdogo, na swichi isiwe kwenye LOCK usukani usijifunge. Mbali zaidi ita brekidauni ya kubeba gari nzima. Kumbuka injini ikiwa imezima breki na usukani vinakuwa vizito sana.

Dizeli na haibridi

Dizeli subiri taa ya hita, ile ya mchoro wa springi, izime ndo upige stata, asubuhi za baridi rudia mara mbili. Ikiwa iliishiwa mafuta, kuongeza dizeli peke yake hakutoshi, hewa imeingia kwenye mfumo, pampu kwa mkono ile pampu iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu ndo uwashe. Na kama sheli wamekuwekea petroli kwenye dizeli, usiwashe, hata usiweke ON, gari ivutwe tenki limwagwe.

Haibridi kama Aqua na Prius nazo zina betri ndogo ya volti 12, mara nyingi iko nyuma au chini ya siti ya nyuma, na hiyo ikiisha gari nzima inakuwa imekufa hata kama betri kubwa imejaa. Unaweza kuibusti, Prius ina sehemu ya kubania waya mwekundu ndani ya boksi la fyuzi kwenye boneti. Ila haibridi isitumike kubusti gari nyingine, na waya wowote wa rangi ya chungwa usiuguse, umeme wake unaua.

Ukimpigia fundi simu

Mwambie sauti uliyosikia, taa zilifanyaje, volti ngapi kwenye betri, taa ya injini inawaka au haiwaki ukiweka ON, pampu inanguruma au haingurumi, na gari ilizima ikiwa ya moto au ililala usiku. Fundi anayejua kazi atakuuliza maswali zaidi na atakuja na kifaa sahihi. Anayekujibu "hiyo ni pampu tu, tuma hela ya spea" kabla hajaiona gari, tafuta mwingine. Spea ya zamani uichukue, na mpya ifungwe ukiwa umesimama pale.

Kwenye buti weka waya nene za kubustia, spana namba 10, mita, fyuzi za ampea 10, 15, 20 na 30, tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru, glavu na pembetatu. Vyote hivyo vinaenea kwenye boksi moja pembeni ya taili la akiba, na hilo taili nalo upime upepo ukiwa unaviweka.